Minana Wawili Ndugu

Mnana ni ndege mdogo anayejua kufuma. Hana sindano wala uzi. Dume huchana majani membamba kwa mdomo, huyapitisha huku na huku, huyafunga, mpaka kiota kinaning'inia kama kikapu.

Katika nchi ya Katanga wako minana wawili wanaofanana kama ndugu: mnana wa Katanga na mnana wa Lufira. Dume wa kila aina ana mwili wa manjano na uso mweusi. Lakini mnana wa Lufira ana rangi ya hudhurungi kandokando ya weusi huo.

Wanapitana hasa kwa makao. Mnana wa Katanga anakaa penye mabwawa mengi ya Kongo na ya Zambia pia. Mnana wa Lufira anapatikana katika bonde la mto Lufira tu, hasa kwenye ziwa Tshangalele, katika teritwari ya Kambove. Mahali pengine popote duniani hayupo. Mwaka 1960 Mbelgiji Jean-Claude Ruwet aliwakamata wachache ziwani. Mwaka 1982 wataalamu walimpa ndege huyo jina la Ploceus ruweti, kwa heshima yake.

Je, ni nani kati yao aliye hatarini zaidi? Fikirini watu wawili. Mmoja ana ghala kumi, mwingine ana ghala moja. Moto ukiteketeza ghala moja, wa kwanza atakula bado. Wa pili atalala njaa. Mnana wa Katanga ni kama mwenye ghala kumi: bwawa moja likiharibika, mengine yapo. Mnana wa Lufira ana ghala moja tu.

Na ghala hiyo ina adui. Mto Panda unapita Likasi, unapokea maji machafu ya viwanda vya shaba na kuyapeleka Lufira, mpaka ziwani. Tena mnana hufunga kiota kwenye mimea iliyo juu ya maji. Mimea ikikatwa yote, atafuma wapi?

Mwenyezi Mungu alimweka ndege huyu katika bonde moja tu. Basi watu wa bonde hilo ndio walinzi wake. Asiyevunja viota, asiyechoma matete ovyo, huyo amekwisha kuanza kazi ya ulinzi.

Maswali
1. Minana hawa wawili wanapitana kwa nini?
2. Maji machafu yanafikaje ziwani?
3. Kwa nini mnana wa Lufira ni kama mwenye ghala moja?