Watu Waliojiita Simba

Hapa kwetu Kampemba, neno Simba hutukumbusha kwanza bia inayopikwa Lubumbashi. Lakini mwaka 1964, mashariki ya Kongo, vijana kwa maelfu walijiita Simba, nao hawakutania. Mganga aliwachanja, akawanyunyizia maji ya dawa. Toka hapo risasi zingegeuka maji, mradi wasimguse mwanamke wala wasitazame nyuma vitani. Aliyepigwa akafa, wenzake walisema amevunja mwiko. Hivyo dawa haikukosa kamwe! Na askari wa serikali waliisadiki vilevile: wengi walipowasikia wakilia “Mai Mulele” walitupa bunduki wakakimbia. Tarehe 5 Agosti Stanleyville, Kisangani ya leo, ikatekwa. Wengine wa Simba hao, wasomaji wapendwa, walikuwa bado watoto.