Emil Zátopek: mkimbiaji ambaye hakungojea theluji iyeyuke

Kwa Wakongomani wengi wanaoishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini, mwezi wa Desemba ndio mwezi ambamo viatu vya mbio vinasukumwa chini ya kitanda. Barabara zina barafu, upepo unakata masikio, na jua linatua kabla mtu hajatoka kazini. Mjini Goma, karibu na ikweta, mchana una masaa kama 12 mwaka mzima. Jijini Prague, mwishoni mwa Desemba, unabaki na masaa kama 8 tu.

Ni katika nchi hiyo ya baridi ndimo alimotoka mmoja wa wakimbiaji wakubwa wa karne iliyopita, Emil Zátopek wa Chekoslovakia. Maisha yake yanajibu swali ambalo kila mkimbiaji hujiuliza asubuhi ya baridi: hamu ya kutoka nje inapatikana wapi? Kwa Zátopek, kazi ilitangulia, na hamu ikafuata nyuma.

Kijana wa kiwanda cha viatu

Zátopek alizaliwa tarehe 19 Septemba 1922 huko Kopřivnice, katika familia ya fundi seremala. Akiwa kijana alikwenda Zlín kufanya kazi katika kiwanda cha Bata, kampuni ambayo viatu vyake vinajulikana hadi Afrika. Hakuwa mpenzi wa mbio hata kidogo.

Alipokuwa na umri wa miaka 18, nchi yake ikiwa chini ya utawala wa Wanazi wa Ujerumani, kiwanda kilimwamuru kushiriki katika mashindano ya mbio. Alijaribu kukwepa kwa kusema kwamba mwili wake ni dhaifu. Daktari akampima na kumkuta mzima. Kati ya vijana 100 waliokimbia siku hiyo, alimaliza wa pili. Tangu hapo hakuacha tena.

Mabuti ya kijeshi ndani ya theluji

Baada ya vita kumalizika mwaka wa 1945, Zátopek aliingia jeshini. Huko alifanya mazoezi yaliyowashangaza wenzake. Wakati wa baridi alikimbia msituni juu ya theluji akiwa amevaa mabuti mazito ya kijeshi. Giza lilipoingia, alishika tochi mkononi na kuendelea.

Siri nyingine ilikuwa kuhesabu. Zátopek aligawanya kazi katika vipande vifupi: mita 200 mara tano, mita 400 mara ishirini, halafu mita 200 mara tano tena, na kati ya kipande na kipande alipumzika kwa kukimbia polepole. Kadiri miaka ilivyopita aliongeza idadi ya zile mita 400.

Njia hiyo iliujenga mwili, lakini ilisaidia akili pia. Mtu anayejiambia kwamba atakimbia mpaka achoke, siku ya baridi kali atachoka mapema. Lakini aliyejiwekea vipande ishirini, akifika cha kumi na mbili anajua kwamba vimebaki vinane tu.

Inasimuliwa pia kwamba siku moja alipokuwa na nguo nyingi za kufua, alizitia ndani ya beseni kubwa la kuogea, akamwaga maji na sabuni, akakimbia papo hapo juu yake. Nguo zikatakata, na mazoezi yakafanyika.

Dhahabu tatu Helsinki

Matunda yalionekana haraka. Katika michezo ya Olimpiki ya London, mwaka wa 1948, alishinda mita 10.000 na kupata medali ya fedha katika mita 5.000, nyuma kidogo ya Mbelgiji Gaston Reiff.

Miaka minne baadaye, huko Helsinki, alifanya jambo ambalo hakuna mwanaume mwingine amelirudia. Katika muda wa siku nane, kuanzia tarehe 20 hadi 27 Julai 1952, alishinda mita 10.000, mita 5.000 na marathon. Marathon hiyo ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Mke wake, Dana Zátopková, aliyezaliwa siku moja naye, alishinda medali ya dhahabu ya kurusha mkuki siku ileile mume wake aliposhinda mita 5.000.

Baridi ya aina nyingine

Wakati mgumu zaidi ulimkuta akiwa amekwisha kuacha mashindano. Mwaka wa 1968 aliunga mkono mageuzi nchini mwake, na majeshi yaliyoongozwa na Umoja wa Kisovieti yalipovamia Chekoslovakia mwezi wa Agosti, alisema waziwazi kwamba anapinga. Alifukuzwa katika chama na katika jeshi. Bingwa wa dunia akapelekwa kufanya kazi za mikono za kuchimba na kutoboa ardhi, mbali na nyumbani, akilala ndani ya gari la kambi.

Shinikizo lilikuwa kubwa, na baadaye alirudi nyuma hadharani kuhusu msimamo wake. Medali hazikumfanya kuwa mtu wa chuma. Lakini alivumilia miaka hiyo, na baada ya utawala ule kuanguka mwaka wa 1989, heshima yake ilirudishwa. Alifariki Prague mnamo Novemba 2000.

Kutoka Kivu hadi Ohio

Wakongomani nao wanaijua njia hiyo. Makorobondo Salukombo, mzaliwa wa Kivu ya Kaskazini, alikulia ugenini katika jimbo la Ohio, Marekani, karibu na Cleveland. Huko upepo unaopita juu ya Ziwa Erie hubeba unyevu na kuumwaga mjini ukiwa theluji. Mwaka wa 2016 aliiwakilisha DRC katika marathon ya Olimpiki huko Rio. Katika michezo hiyohiyo, Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5.000 kwa ajili ya Kongo.

Mambo madogo yanayosaidia

Wakimbiaji waliozoea baridi hufuata kanuni chache. Huvaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine, kuliko koti moja zito. Pamba hawaiweki karibu na ngozi, kwa sababu inashika jasho, na jasho likipoa linaleta baridi mwilini. Kichwa na vidole hufunikwa kwanza.

Huanza safari wakielekea upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi, mwili ukiwa umelowa jasho, upepo uwe mgongoni. Juu ya barafu hufupisha hatua na kusahau saa. Gizani huvaa kitu kinachong'aa ili madereva wawaone. Na mtu mwenye homa, au mwenye maumivu ya kifua, hubaki nyumbani na kumwona daktari.

Kwa upande wa moyo, wengi hutayarisha nguo tangu jioni na kupatana na mwenzao mahali pa kukutana, kwani ni vigumu kubaki kitandani huku mtu mwingine anakungoja kwenye theluji. Siku ambayo hamu haipo kabisa, hujiwekea dakika kumi tu. Baada ya dakika hizo damu imechemka, na mara nyingi mtu huendelea.

Zátopek asingeshangaa kusikia hayo. Msitu wake ulikuwa na giza na mabuti yake yalikuwa mazito, lakini kila jioni alikuwa na idadi ya kumaliza.