Visiki vya Kagunga Bado Vina Uhai

Ukitoka Kigoma mjini kwa boti kuelekea kaskazini, unaipita Hifadhi ya Gombe na misitu yake inayoshuka hadi majini. Ukiiacha nyuma, vilima vinaanza kuonyesha udongo mtupu. Karibu na mpaka wa Burundi ndiko iliko Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na mlima mkali.

Mvua si haba huku. Kwa mwaka hunyesha karibu milimita 1,000, ilhali Dodoma hupata chini ya 600. Hata hivyo, mteremko uliovuliwa miti huwa mkavu kama nyika. Tone la mvua likipiga udongo usio na majani hupasua chembe zake, na zile laini huziba vitundu vya kupitishia maji. Maji yakikosa pa kuingia huteremka kwa kasi na kuchimba makorongo, na mvua zinapokatika mwezi Mei ardhi haina akiba.

Udongo huo huishia ziwani. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha sehemu za ufuko zenye tope nyingi na zile zenye tope kidogo. Penye tope nyingi, aina za samaki na za viumbe wadogo wa majini zilikuwa chache zaidi. Dagaa na migebuka huishi mbali na ufuko, kwa hiyo wanaoumia kwanza ni samaki wa mawe, wanaokula mwani wa kwenye miamba na kuzaliana katika nyufa zake. Wengi wao hawapatikani popote duniani nje ya ziwa hili. Ndiyo maana mimi siwezi kuliita suala la vilima hivi suala la wakulima peke yao.

Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vya ukanda huu. Ulianza na vitalu vya miche, na wanavijiji wakasema wazi kwamba shida zao za kwanza ni afya, maji, shule na mavuno. Miche ilifaa karibu na nyumba, kwa kuni na matunda. Juu mlimani, kazi kubwa zaidi ilifanywa na visiki.

Miti ya miombo, kama mitundu na mininga, ikikatwa haifi. Mizizi yake hubaki hai chini kwa miaka mingi, imeshika maji na chakula, na kila mwaka husukuma machipukizi. Kwenye mizizi ya mitundu huishi pia kuvu wanaoisaidia kufyonza virutubisho katika udongo maskini, na baadhi yao ndio uyoga unaookotwa masika. Mche mchanga wa kitalu huanza bila mizizi hiyo mikubwa. Kinachoyaangamiza machipukizi ni panga, mbuzi na moto, hasa moto wa Agosti na Septemba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Mkulima akichagua vichipukizi vichache vilivyonyooka, akapogoa vingine na kuzuia moto, msitu hurudi bila gharama ya mbegu. Dodoma njia hii inaitwa Kisiki Hai. Nchini Niger, ambako Tony Rinaudo aliianza miaka ya 1980, imerudisha miti kwenye mamilioni ya hekta za mashamba.

Ulinzi wenyewe unahitaji sheria na watu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi yake, na vijiji kadhaa jirani na Gombe vimetenga misitu yao kwa njia hiyo. Lakini Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijaa Kagunga wakingoja meli, MV Liemba ikiwa mojawapo, huku kipindupindu kikizuka. Watu wengi kiasi hicho lazima wapike, na kijiji pekee hakiwezi kubeba mzigo wa kuni zao. Misaada ya dharura ingepaswa kufika na nishati ya kupikia tangu siku za mwanzo.

Na pale ambapo jembe limeng'oa hata mizizi, kisiki hakipo cha kusubiri. Hapo ndipo kitalu kina kazi yake: miti ipandwe mvua za kwanza zinapoanza, pamoja na mistari ya nyasi za vetiva zinazokinga mteremko ili udongo usikimbie kabla miche haijashika.