Kidevu na Njia ya Pumzi

Mtoto akizaliwa kimya, mkunga ana dakika moja. Humkausha haraka, humsugua mgongo, na asipolia humlaza chali mahali pakavu penye joto na kuchukua ambu, kifuko cha kubonyeza kinachompulizia hewa kupitia barakoa. Lakini kabla hajaibonyeza kuna jambo dogo hulifanya kwa vidole: hukisogeza kichwa cha mtoto nyuma kidogo tu, kidevu kikaelekea juu. Akikizidisha nyuma, njia ya hewa hubanwa. Akikiacha kiinamie kifuani, hubanwa vilevile.

Sababu ni umbo lenyewe la mtoto mchanga. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote, na kisogo kimejitokeza nyuma. Ukimlaza chali juu ya meza ngumu, kisogo hicho hukisukuma kichwa mbele na kidevu hugusa kifua. Bomba lake la hewa nalo ni laini na jembamba kama mrija wa soda, kwa hiyo kukunjika kidogo tu kunatosha kuzuia hewa. Ndiyo maana wakunga wengine huweka kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega, kichwa kipate kukaa sawa.

Hatua hizi ndizo kiini cha mafunzo yanayoitwa Helping Babies Breathe, yaliyozinduliwa mwaka 2010 na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuyafanyia majaribio. Dk. Georgina Msemo na wenzake walifuatilia hospitali 8 nchini, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013: vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Ushindi huo si wa kidevu peke yake. Kukausha, kuchangamsha na kupuliza hewa mapema vyote vilichangia. Hata hivyo, kuna fundisho moja humo ambalo ningependa kila mtu alijue. Mkunga akibonyeza ambu na kifua cha mtoto kisiinuke, jambo la kwanza si kubonyeza kwa nguvu zaidi. Anaangalia kama barakoa imefunga vizuri usoni, kisha anakiweka kichwa upya.

Sheria ya kutokiacha kidevu kiangukie kifuani haiishii chumba cha kujifungulia. Mtoto wa wiki chache hana nguvu ya kuinua kichwa chake akiwa wima. Akikalishwa kwenye kiti cha gari kilichosimama mno, au akibebwa kwenye mbeleko iliyolegea, kichwa huanguka mbele, na pumzi inaweza kukatika polepole bila kilio, kwa sababu kulia nako kunahitaji hewa. Kwa hiyo mbeleko ifungwe imara, uso wa mtoto uonekane, na kati ya kidevu chake na kifua ibaki nafasi ya kupitisha walau vidole viwili.

Kwa nini kidevu kiwe na madaraka makubwa hivi? Koo ni njia panda. Hewa na chakula hupita mlango mmoja kisha hutengana: hewa inaingia mbele kwenda mapafuni, chakula kinashuka nyuma kwa umio kwenda tumboni. Juu ya njia panda hiyo umekaa ulimi, na ulimi ni msuli mkubwa kuliko unavyoonekana mdomoni. Mzizi wake umeshikizwa ndani ya taya la chini, nyuma kabisa ya kidevu. Ukiinua kidevu, taya huvuta ulimi mbele na njia hufunguka. Kidevu kikishuka kifuani, ulimi hurudi nyuma.

Mtu aliye macho hasumbuliwi na hilo, maana misuli ya koo inaushika ulimi mahali pake. Akipoteza fahamu, misuli hulegea. Akiwa amelala chali, ulimi huanguka nyuma na kuziba koo. Wakati mwingine kinachomuua aliyezimia barabarani si jeraha unaloliona, bali ni hewa iliyokosa njia.

Jambo hili lilithibitishwa miaka ya 1950 huko Baltimore, Marekani, na daktari wa usingizi mzaliwa wa Vienna, Peter Safar. Wakati ule waokoaji walifundishwa kumlaza mhanga kifudifudi, kumkandamiza mgongo na kumwinua mikono. Safar aliwapata watu waliojitolea kulazwa kwa dawa ya kulegeza misuli hadi wasiweze kupumua wenyewe, kisha akalinganisha njia mbalimbali za kuwapa hewa. Njia ya kukandamiza mgongo ilishindwa mara nyingi, kwa kuwa koo lilikuwa limezibwa. Kichwa kilipoinamishwa nyuma na kidevu kikainuliwa, pumzi ya mwokoaji ilipita. Matokeo hayo ndiyo yaliyozaa huduma ya kwanza inayofundishwa dunia nzima hadi leo: mkono mmoja kwenye paji la uso, vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, inua.

Sasa tazama tunavyofanya ajali ya bodaboda ikitokea. Watu hujaa, majeruhi anakamatwa makwapani, anakalishwa kiti cha nyuma cha gari lolote lililosimama, kichwa kinaning'inia kidevu kifuani, na safari ya hospitali inaanza. Wanaofanya hivyo wana huruma ya kweli, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba mkao ule wenyewe unaweza kumziba pumzi kabla ya kufika. Kama hapumui vizuri na hajitambui, njia yake ya hewa ifunguliwe pale pale. Palipo na shaka kwamba shingo imeumia, kichwa kisipindishwe: piga magoti nyuma ya kichwa chake, shika pembe za taya chini ya masikio kwa mikono miwili, usukume taya mbele. Ulimi utafuata taya, shingo ikabaki ilivyo. Anayepumua mwenyewe lakini hajitambui, kwa mfano aliyetoka kwenye degedege la kifafa, alazwe ubavu, kidevu kimeelekea mbele kidogo, mate na matapishi yatoke nje. Kijiko kisitiwe mdomoni.

Yapo mazingira ambamo kidevu kinatakiwa kushuka. Mtoto akitokwa na damu puani, watu wazima wengi humwambia atazame juu na kummwagia maji utosini. Damu haikomi kwa kufanya hivyo. Inageuza njia tu, inashuka kooni, mtoto anaimeza na baadaye anatapika, au inamkaba. Akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia kuchungulia, apumue kwa mdomo. Ikipita nusu saa bado inatoka, apelekwe hospitali.

Mgonjwa wa kiharusi anahitaji uangalizi wa namna hiyohiyo. Kiharusi kinaweza kudhoofisha misuli ya kumeza, na uji unaweza kuingia mapafuni bila hata kikohozi cha kumtahadharisha anayelisha. Nyumbani, kwa mapenzi tu, ndugu humwinua mgonjwa kidevu akiwa amelala nusu na kummiminia kikombe. Hapo amefungua njia ya hewa wakati wa kumpa chakula, na homa ya mapafu inayofuata huhesabiwa kuwa ugonjwa mwingine. Mgonjwa aketi wima, kidevu usawa au kimeshuka kidogo, apewe kijiko kimoja kimoja, na abaki ameketi kwa muda baada ya kula. Kwa baadhi ya wagonjwa kushusha kidevu wakati wa kumeza husaidia kuubana mlango wa hewa. Wengine hakuwafai, kwa hiyo mtaalamu awapime kwanza.

Nimeiacha simu mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayotajwa kwanza watu wakizungumzia shingo. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwa kompyuta kwamba kichwa cha kilo 5 hivi kikiinama nyuzi 15 huielemea shingo kama kilo 12, na kikiinama nyuzi 60 kama kilo 27. Namba hizo zilienea dunia nzima. Lakini yalikuwa makadirio ya modeli, si vipimo vya watu wenye maumivu. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil walichunguza vijana 150 wa Rio de Janeiro wenye umri wa miaka 18 hadi 21, wakaangalia walivyoinama wanaposhika simu, na hawakupata uhusiano kati ya mkao huo na maumivu ya shingo. Kukaa mkao mmoja kwa saa nyingi kunachosha misuli, uwe umeinama au umenyooka. Kinachosaidia ni kubadilisha mkao mara kwa mara na kuifanyisha shingo kazi.

Mzigo wa kweli uko kwingine. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima hewa waliyotumia wanawake wa Kenya wakitembea na mizigo, Waluo kichwani, Wakikuyu mgongoni kwa kamba iliyopita kipajini. Hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, mzigo haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Dunia ilishangaa na kusifu. Mwaka 2002 madaktari waliochunguza wachukuzi wa kuni wa Kongo walitazama upande wa pili: picha za eksirei za shingo zao zilionyesha pingili zilizochakaa zaidi kuliko za wasiobeba. Ustadi wa kutembea na ndoo kichwani bila kuitikisa huokoa pumzi, lakini pingili za shingo hazisamehewi uzito. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, na msichana wa darasa la sita huibeba kabla ya kwenda shule. Namba za Hansraj zimebandikwa kwenye kuta za ofisi. Picha za wachukuzi wa Kongo zinastahili kuwekwa mbele ya wanaopanga bomba la maji lifike kijiji gani kwanza.