Chesisi Kwanza, Mapambo Baadaye



Huenda mkajiuliza kwa nini jarida la polisi linazungumzia kutu. Sababu inaonekana kwenye malango ya Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Mulago, hapa Kampala. Hospitali hii ilianza mwaka 1913, jengo lake kubwa likafunguliwa mwaka 1962, na Taasisi ya Saratani iliyo juu ya mlima huohuo ilianzishwa mwaka 1967. Tangu hapo wagonjwa wamekuwa wakiletwa kutoka kila pembe ya nchi na kutoka nchi jirani. Si wote wanaoletwa kwa gari la wagonjwa. Wengi hufika ndani ya Land Cruiser, Prado, Pajero au Land Rover ya jirani, gari ambalo jana yake lilibeba ndizi, mifuko ya saruji au waombolezaji. Kutoka Mpondwe hadi Mulago ni zaidi ya kilomita 400. Gari likikatika katikati ya safari hiyo, usiku, mgonjwa akiwa amelala kiti cha nyuma, hakuna msaada wa haraka tutakaoweza kuwapatia.

Kutu huzaliwa chuma kinapokutana na maji na hewa. Chumvi si lazima ili kutu ianze, lakini ikiwapo huifanya kazi hiyo iende mbio, kwani maji yenye chumvi hupitisha kwa urahisi ule umeme mdogo unaokula chuma, na chumvi yenyewe huvuta unyevu. Wenzetu wa Kasese wanaelewa tunachosema. Gari linalobeba chumvi kutoka Ziwa Katwe huchakaa mapema kuliko gari la umri uleule linalobeba kahawa. Chembe za chumvi hupenya kwenye viungo vya sakafu, hujificha chini ya zulia, na zikipata mvua ya siku moja hufanya kazi ya mwezi mzima.

Wapo pia wanaonunua kutu bila kujua. Magari yetu mengi yametumika kwanza Japani, na katika maeneo ya kaskazini ya nchi hiyo, kama Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Gari huja liking'aa juu, ilhali chini limepakwa rangi nyeusi mbichi. Rangi mpya chini ya gari la zamani ni jambo la kuulizia, si la kusifia. Sheria yetu ya mwaka 2018 inakataza kuingiza nchini gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini yaliyokwisha kuingia yanaendelea kutumika, na mipakani ndiko mengi yanakozeekea.

Chesisi ya mengi ya magari haya ni mihimili miwili ya chuma iliyounganishwa mfano wa ngazi, na mihimili hiyo ina uwazi ndani. Kiwandani huachwa matundu madogo upande wa chini ili maji yatoke. Tope la njia zetu huyaziba matundu hayo, maji hubaki ndani, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Ndiyo maana mwenye gari husema kwa mshangao kwamba tundu limetokea ghafla. Halikutokea ghafla, limekuwa likichimbwa kwa miaka.

Wenye Land Rover hupenda kutuambia kwamba gari lao haliliwi na kutu kwa sababu bodi yake ni ya alumini. Bodi ya zile za zamani, kweli, ni ya alumini. Chesisi yake ni chuma kama chuma kingine. Tena mahali alumini inapogusana na chuma penye unyevu, uharibifu huongezeka. Wala jina la kampuni si kinga. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota ilikubali mahakamani nchini Marekani kukagua, na inapobidi kubadilisha, chesisi za magari ya Tacoma, Tundra na Sequoia yapatayo milioni 1.5 kwa ajili ya kutu. Ikiwa hilo limewafika walio kwenye barabara za lami, sisi wa barabara za vumbi na tope hatuna budi kuinama na kutazama.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine. Osha chini ya gari, liache likauke, kisha lala juu ya turubai na nyundo ndogo na tochi. Usilale kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Gonga taratibu mihimili yote miwili, hasa inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, penye vishikizo vya springi na mahali bodi inapokalia raba zake. Chuma kizima hutoa sauti kali. Chuma kilicholiwa hutoa sauti nzito iliyokufa, na magamba huanguka. Fuata mabomba ya breki kwa kidole kutoka mbele hadi nyuma. Bomba lililovimba kwa kutu libadilishwe siku hiyo, si mwisho wa mwezi.

Palipo na kutu ya juujuu, sugua kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, paka dawa ya kutu, kisha rangi ya kwanza, kisha rangi ya juu. Kupaka rangi au lami juu ya kutu ni kuifungia unyevu ndani. Zibua matundu ya chesisi kwa waya, suuza ndani kwa maji safi mpaka yanayotoka yawe meupe, na chuma kikikauka nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili. Desturi ya kupaka oili chafu ya injini tunaifahamu; inapunguza kutu kidogo, lakini hulainisha raba, huchafua ardhi na visima, na ni hatari kwa ngozi ya anayeipaka. Anayebeba chumvi aoshe gari lake kwa maji baridi, juu na chini, baada ya kila safari.

Neno moja kuhusu maji ya mafuriko. Mvua kubwa ikinyesha, bonde la Kalerwe na Bwaise, chini ya mlima wa Mulago, hujaa maji, na madereva waliotoka mbali huyaingia kwa sababu hospitali wanaiona. Ekseli iliyopata moto ikizama ghafla hufyonza maji. Siku ya pili fungua kizibo cha difu: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji na imwagwe yote.

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Namba ya chesisi ndiyo kitambulisho cha gari. Katika magari mengi ya Toyota ya aina hii, imechongwa kwenye mhimili wa kulia, jirani na gurudumu la mbele, mahali panaporushiwa tope daima. Kutu ikiila, mwenye gari halali hujikuta mpakani hawezi kuthibitisha kwamba gari ni lake, huku wezi wa magari nao wakitumia kisingizio hichohicho cha kutu. Ofisa wa ukaguzi hana namna ya kumtofautisha mmoja na mwingine kwa kumtazama usoni. Basi itafuteni namba hiyo leo, isafisheni kwa kitambaa na mafuta ya taa, isisuguliwe kwa msasa wala mashine, ipakeni grisi nyepesi, na mpige picha ya kuhifadhi pamoja na kadi ya gari. Ikiwa tarakimu zimeanza kufutika, toeni taarifa kituoni na kwa wakaguzi wa magari wa polisi kabla fundi hajagusa kitu. Fundi atakayejitolea kuichonga upya anawaingiza katika kosa la jinai, hata kama nia yake ni njema. Vivyo hivyo chesisi inapochomelewa: kipande chenye namba kisikatwe, na betri itenganishwe kabla ya kazi kuanza. Injini au rangi ya gari ikibadilishwa, kadi nayo irekebishwe.

Kuhusu nyongeza, vijana wetu huanza na bampa kubwa na taa za juu. Tungependa waanze na breki. Tairi kubwa kuliko za kiwandani hufanya mshale wa mwendo useme uongo: unasoma 80, nawe umeshapita. Gari lililoinuliwa na kuwekewa mizigo juu ya paa hupinduka kwa urahisi kwenye kona za Kabale. Springi ngumu zaidi hazifai kitu juu ya chesisi iliyooza, zitaivunja mapema.

Taa zina shida yake mipakani. Uganda, Kenya na Tanzania tunaendesha kushoto; Kongo, Rwanda na Sudani Kusini huendesha kulia. Taa za magari yetu hutupa mwanga wa chini kuelekea ukingo wa kushoto, na ukivuka daraja la Mpondwe mwanga huo unampiga usoni anayekuja mbele yako. Fundi anaweza kuzishusha, au kipande cha gundi nyeusi kikabandikwa juu ya sehemu inayorusha mwanga huo. Taa za ziada zifunikwe kabisa kabla ya kufika mpakani.