Aliyejifukiza bila kuumwa

Nilikwenda Mbagala Rangi Tatu kwa habari ya mwendokasi. Mvua ikanibana, nikajibanza kwenye saluni ya vioo viwili ambako msusi alikuwa akimsuka mteja twende kilioni. Mazungumzo yakaangukia corona na nyungu. Mteja akacheka, jinsi tulivyokuwa tukijigubika mablanketi mchana wa jua kali! Msusi hakucheka. Yeye alijifukizia Muscat, akasema, karibu kila usiku, na hakuwa na hata mafua.

Alikuwa mfanyakazi wa ndani. Mkataba wake uliisha Mei 2020, lakini Oman ilikuwa imesimamisha ndege za abiria tangu mwisho wa Machi, na hazikurudi hadi Oktoba 1. Mama yake akamtumia ujumbe wa sauti: mwarobaini, mchaichai, mkaratusi, mwanangu, ujifukize. Majani angeyapata wapi na mlango umefungwa? Akakusanya maganda ya ndimu, kipande cha tangawizi na iliki iliyobaki kwenye kahawa ya mabosi, akavichemsha kwenye kisufuria cha maziwa. Akakibeba hadi chumba cha kufulia, ndiko alikolala. Akakiweka sakafuni katikati ya miguu, akajifunika shuka, juu yake blanketi. Mvuke ulipompanda usoni, akalia, kwa mara ya kwanza tangu ndege zisimame. Alitoka macho mekundu, uso umevimba, na mama mwenye nyumba akamsifu kwa kujitunza. Tangu usiku huo hakuacha. Ndani ya nyungu, aliniambia, huulizwi unalia nini.

Kufungiwa hakukuwa kugeni kwake. Pasipoti ilikaa kabatini kwa kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, tangu siku ya kwanza, na bila ruhusa yake hakuweza kwenda popote. Kigeni kilikuwa nyumba ya watu tisa kushinda ndani kutwa, vyombo haviishi. Na kuna jingine, ambalo nilirudi nalo kwenye daladala hadi Kinondoni. Oman ilitangaza wagonjwa wake kila siku, naye akisikia namba zikipanda huku anapiga pasi. Za kwetu zilikwama mwanzoni mwa Mei kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, halafu kimya. Wengi wetu tuliokuwa huku kimya kile kilitupa usingizi, nakiri hata mimi. Yeye kilimnyang'anya. Simu ya Mbagala ikiita bila kupokelewa, tayari ameshazika mtu.

Nikamuuliza kama aliwahi kumwona daktari. “Mawazo tu, dada.” Neno hilo uswahilini linabeba kila kitu, kuanzia deni la vikoba hadi mtu kutotamani kuamka, na hospitali hakuna anayekwenda kwa sababu ya mawazo. Je, yaliisha? Alichana nywele kwa muda, hakunijibu. Bado hujifukiza siku moja moja, watoto wakishalala.

Alipoondoka nchini walimpima damu, kifua na mimba. Aliporudi, uwanja wa ndege walimpima joto.

Mteja alikuwa amenyamaza muda mrefu. Kumbe pasipoti yake imeshatoka na wakala amempata. Akauliza abebe nini. Msusi akamalizia mstari wa mwisho kisogoni, akamwambia abebe simu ya pili, ndogo, na asimwonyeshe mtu.

Anapimwa Jumatatu. Damu, kifua, mimba.