Msimu wa 1951: Timu iliyokataa kuwaacha wenzao wawili nyumbani

KATIKA ulimwengu wa michezo, aghalabu wanaokumbukwa ni waliobeba kombe. Msimu wa 1951 wa kandanda ya Marekani, hata hivyo, unakumbukwa pia kwa timu ambayo haikupewa nafasi ya kuwania kombe lolote. Kikosi cha Chuo Kikuu cha San Francisco kilishinda mechi zake zote tisa, kisha kikabaki nyumbani.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, yafaa kueleza kwamba unakaribiana zaidi na raga kuliko soka. Mpira wenye umbo la yai hubebwa au kurushwa kwa mikono, na pointi nyingi hupatikana mchezaji anapofika nao nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani. Masafa hupimwa kwa yadi, ambayo ni fupi kidogo kuliko mita moja.

Mashindano ya vyuo hayakuwa na fainali. Kura za wanahabari na makocha ndizo zilizoamua bingwa, kisha timu bora zikaalikwa kwenye mechi za mwaka mpya zijulikanazo kama Bowl. Ndivyo Tennessee ilivyotawazwa bingwa wa 1951, kabla ya kulazwa 28-13 na Maryland katika Sugar Bowl, jijini New Orleans, Januari 1, 1952.

San Francisco, chini ya kocha Joe Kuharich, ilistahili mwaliko kama huo. Nyota wake, Ollie Matson, alikimbia na mpira yadi 1,566 msimu huo, masafa ambayo hayakufikiwa na mchezaji mwingine yeyote wa vyuo vikuu nchini humo. Lakini Matson alikuwa mweusi, sawa na mwenzake Burl Toler, na mechi nyingi za Bowl zilichezwa kusini mwa nchi, ambako sheria na desturi ziliwatenga watu weusi na weupe.

Kwa mujibu wa masimulizi ya wachezaji wenyewe, waliarifiwa kwamba mwaliko ungepatikana endapo wangesafiri bila wawili hao. Jibu lao lilikuwa moja: ama waende wote, ama asiende yeyote. Haukuwa uamuzi mwepesi. Kandanda ilikuwa ikikitia chuo hasara, na malipo ya mechi hiyo yangepunguza mzigo. Baada ya msimu huo, timu ilivunjwa.

Ubaguzi huo haukuishia kwenye mialiko. Mnamo Oktoba 20, 1951, mjini Stillwater, Chuo cha Oklahoma A&M kilicheza na Drake, ambayo tegemeo lake lilikuwa Johnny Bright, mchezaji mweusi aliyekuwa akitajwa miongoni mwa bora nchini. Katika dakika saba za kwanza, Bright aliangushwa mara tatu akapoteza fahamu. Taya lake lilivunjwa kwa pigo la mlinzi mweupe, Wilbanks Smith, wakati Bright hakuwa na mpira mkononi. Hata hivyo, aliinuka na kurusha pasi ya yadi 61 iliyozaa pointi kabla ya maumivu kumlazimisha kutoka.

Kisa hicho kingeweza kupita kama ajali ya kawaida ya uwanjani, lau si kamera za gazeti la Des Moines Register. Picha za Don Ultang na John Robinson zilionyesha hatua kwa hatua jinsi Bright alivyoshambuliwa, na mwaka wa 1952 wapigapicha hao walituzwa Pulitzer. Smith hakuadhibiwa. Drake ilijiondoa katika ligi yake kwa kulalamikia jambo hilo, nazo kanuni za vyuo kuhusu mapigo haramu na vikinga uso zikakazwa. Chuo hicho, ambacho sasa huitwa Oklahoma State, kiliomba radhi rasmi mwaka wa 2005, miaka 22 baada ya Bright kufariki.

Katika ligi ya kulipwa ya NFL, mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Ligi hiyo haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja tangu 1934 hadi 1945. Mwaka wa 1946 Rams ilipohamia Los Angeles, ilitakiwa kuwapa weusi nafasi ndipo iruhusiwe kuutumia uwanja wa umma wa Coliseum.

Ni katika uwanja huo ambapo Rams ilikutana na Cleveland Browns kwenye fainali ya Desemba 23, 1951. Rams ilikuwa na Dan Towler na Tank Younger. Browns ilikuwa na Marion Motley na Bill Willis. Wote wanne walikuwa weusi. Timu zikiwa sare 17-17, Norm Van Brocklin alimrushia Tom Fears mpira uliozaa mkimbio wa yadi 73, na Rams ikashinda 24-17. Ilikuwa fainali ya kwanza ya NFL kuonyeshwa kwenye televisheni kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine. Naam, walioonekana hawafai kusafiri kusini walitazamwa sasa na taifa zima.

Vijana wa San Francisco nao hawakupotea. Matson alishinda medali mbili katika Olimpiki ya Helsinki mwaka wa 1952. Yeye, Gino Marchetti na Bob St. Clair waliingizwa katika jumba la magwiji wa kandanda ya kulipwa. Pete Rozelle, aliyekuwa akiitangaza timu yao chuoni, alikuwa mkuu wa NFL kuanzia 1960.

Toler aliumia goti mwaka wa 1952, na hakuwahi kucheza kandanda ya kulipwa. Lakini mwaka wa 1965, Rozelle akiwa usukani, aliingia uwanjani na filimbi, mweusi wa kwanza kuwa mwamuzi katika ligi hiyo.